Maboksi ya masomo yamejaa chini ya kitanda, na mwanangu wa pili ndiyo kwanza anaanza kusoma

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu. Mimi na mume wangu tuliamua kuwasomesha nyumbani. Wa kwanza ana miaka 10, anasoma bila shida na hesabu za kuzidisha na kugawanya anazimudu. Wa pili ana miaka 6, ndiyo kwanza anaingia kwenye silabi. Wa mwisho ana miaka 3, na kila karatasi anayoishika anaichana.

Mkubwa alipokuwa anajifunza nilikata kadi, nikachora chati, nikanunua vitabu vya mazoezi na kutoa kopi nyingi mno. Kila mwaka ulipoisha nilitia kila kitu kwenye boksi, nikaandika mwaka juu yake na kulisukuma chini ya kitanda. Nilijua wadogo zake watavitumia.

Sasa wakati umefika, na vitu havitumiki. Kwenye boksi la herufi M haimo, K ziko mbili za seti tofauti, na kadi za silabi zimechanganyika na za hesabu. Kitabu cha mazoezi ya kusoma kimejaa majibu ya kaka yake. Nimefuta kwa raba, lakini alama za penseli bado zinaonekana, na mtoto anazifuata badala ya kufikiri. Boksi jingine limeliwa na wadudu pembeni. Nimeishia kutengeneza upya vitu ambavyo najua kabisa ninavyo.

Mume wangu anasema tutupe vyote tuanze upya. Lakini nikishika karatasi ambayo mwanangu aliandika jina lake kwa mara ya kwanza, mkono unakataa. Juu ya hayo, wifi yangu naye anataka kuwasomesha wanawe nyumbani na ameomba nimwazime vifaa vyangu. Sijui nimpe nini, maana hata mimi mwenyewe sivioni.

Nipange kwa mwaka, kwa somo au kwa mtoto? Nitunze nini na nitupe nini?

Mama wa Watatu

*

Marahaba mwanangu.

Kabla ya lolote nikupe hongera. Kumfundisha mtoto mpaka akasoma ni kazi kubwa, na wewe umeifanya. Kazi hiyo usikubali ipotelee chini ya kitanda.

Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote. Panga kwa somo, na ndani ya somo panga kwa mada. Ule mwaka ulioandika juu ya boksi unakueleza tu ulilifunga lini. Mtoto wa miaka 6 akikaa mezani asubuhi anahitaji silabi za M, au kujumlisha mpaka 20, na hapo mwaka haukusaidii kitu. Kupanga kwa mtoto nako kuna tatizo, maana watoto hawaendi mwendo mmoja. Huyu wa pili anaweza kuchelewa kwenye kusoma na akamkimbiza kaka yake kwenye hesabu, ukajikuta unafungua maboksi matatu kwa asubuhi moja. Mada haina umri. Somo la sehemu, yaani nusu, robo na kadhalika, ni lile lile, awe anayejifunza ana miaka 8 au 11.

Lakini kupanga peke yake hakutatosha, kwa sababu ndani ya hayo maboksi umechanganya vitu vya aina tatu: vifaa vya kufundishia, kazi za mtoto unazozipenda, na rekodi za maendeleo yake. Ndiyo maana wewe na mume wako hamwelewani. Yeye akitazama boksi anaona makaratasi, wewe unamwona mwanao. Wote wawili mnasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia vitu tofauti vilivyomo ndani ya boksi moja.

Basi vitenge. Karatasi ya jina la kwanza si kifaa cha kufundishia, na hakuna mtu atakayeitumia kufundishia. Ni kumbukumbu, na ina haki ya kutunzwa kama kumbukumbu. Tafuta kasha moja kwa kila mtoto, moja tu, na mkubaliane na mume wako kwamba humo hatupi mtu. Nyuma ya kila karatasi andika kwa penseli tarehe na umri wa mtoto, maana mtasahau. Michoro mikubwa na kazi za kubandika ambazo haziingii kwenye kasha, zipige picha kwenye mwanga wa dirishani kisha uziache ziende. Kasha likijaa, mkae na mwenye kasha achague mwenyewe kipi kibaki. Utashangaa jinsi watoto wasivyokuwa na huruma na kazi zao za zamani.

Rekodi ni jambo jingine. Sheria za kusomesha watoto nyumbani hutofautiana sana kati ya nchi na nchi: kuna mahali mzazi hudaiwa orodha ya masomo, sampuli za kazi za mtoto au matokeo ya mitihani, na kuna mahali hadaiwi chochote. Jua sheria ya mahali ulipo inataka nini na kwa miaka mingapi kabla hujachana karatasi hata moja. Hizo zikae kwenye faili lake, zikipangwa kwa mtoto na kwa mwaka. Hapo ndipo mwaka unapofaa.

Sasa tuje kwenye vifaa vyenyewe. Kwenye madarasa yanayofuata njia ya Maria Montessori, yule daktari aliyefungua shule yake ya kwanza, iliyoitwa Nyumba ya Watoto, mjini Rome mwaka 1907, kila kazi hukaa kwenye trei yake ikiwa na kila kinachohitajika, ili mtoto aichukue na kuanza. Wewe huhitaji trei, lakini shika wazo hilo: mada moja, bahasha moja, kila kitu ndani. Bahasha kubwa ya kuingia A4 bila kukunjwa inatosha. Mada yenye vipande vingi vya kushika iwekee kikasha chenye kifuniko.

Na juu ya yote, ndani ya kila bahasha, weka karatasi moja uliyoiandika kwa mkono wako. Hii nakuomba usiiruke hata ukiruka mengine yote. Kopi unaweza kuzipata tena na kadi unaweza kukata nyingine, lakini ulichokijua siku ile ulipokuwa unafundisha hakipatikani popote. Andika mada inafundisha nini, mtoto anatakiwa awe anajua nini kabla, bahasha ina nini na kwa idadi, na ni vitu gani vya kutafuta nje ya bahasha, kama mawe madogo au vifuniko vya chupa vya kuhesabia. Kisha andika ilikwendaje, kwa maneno ya kawaida kabisa: “Alichanganya b na d. Daftari halikusaidia, nilipomwandikisha kwa kidole kwenye mchanga ikakaa. Karatasi ya tatu ni ngumu mno, iletwe mwishoni. Mchezo wa kadi aliupenda, aliuomba tena na tena.” Mistari kama hiyo itakuokolea muda kuliko kopi zote ulizonazo. Iandike siku ile ile mnayomaliza mada, kabla hujafunga bahasha, kwa sababu baada ya wiki utakumbuka tu kwamba ilikuwa ngumu, hutakumbuka ugumu ulikuwa wapi.

Kwa kuwa umetaja herufi, ngoja nikae hapo kidogo. Seti nyingi za kununua huja na herufi moja moja kutoka A hadi Z. Kwa Kiswahili seti hiyo haitoshi hata ikiwa nzima. Ukiwa na A moja huwezi kuandika “baba”. Neno “karatasi” linataka A tatu. Wakati huo huo Q na X zimekaa tu, hazina kazi. Sasa kwa kuwa M imepotea na unakata upya, kata seti inayofaa lugha unayofundishia: A tano au sita, E, I, O na U nne nne, konsonanti mbili mbili, halafu kadi za sauti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja, yaani ch, sh, th, dh, gh, ny na ng'. Hizo za mwisho zikate kila moja kwenye kadi moja, mtoto azione kama kitu kimoja. Irabu ziwe za rangi moja na konsonanti za rangi nyingine. Zitie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kwa kubana, na nje ya mfuko uandike idadi kwa kalamu isiyofutika. Idadi hiyo ndiyo mlinzi wako: mkimaliza somo mtoto mwenyewe anahesabu akirudisha, na hesabu isipotimia mnatafuta kabla hamjainuka mezani.

Tena kila kadi uitie alama nyuma. Silabi nukta ya kijani, namba nukta nyekundu, maneno mstari wa bluu, uamuzi ni wako. Siku utakapookota kadi moja nyuma ya kabati utajua inarudi wapi bila kufikiri. Ukiwa na seti mbili za aina moja, ongeza namba ya seti, ndiyo K mbili zisikutane tena. Vile vipande vya leo ambavyo hujui ni vya wapi vitie kwenye kikasha kimoja. Kila utakapojenga bahasha mpya pitia kikasha hicho kwanza. Mada zote zikishajengwa, kilichobaki humo kitupe kwa amani.

Kitabu cha mazoezi kilichojaa majibu ya kaka yake kiache, usiendelee kukisugua. Penseli huacha mbonyeo kwenye karatasi hata rangi yake ikitoka, na mtoto mdogo ana macho makali. Hicho kitabu kigeuze kiwe cha kwako, kitabu cha majibu na cha kuonea mpangilio wa mada. Kwa vitabu vinavyokuja, amua mapema. Ukiweza, mtoto asiandike ndani ya kitabu, aandike kwenye daftari, na mtoto wa miaka 8 kuendelea anaweza hilo vizuri. Huyu wa miaka 6 bado anahitaji kuandika pale pale panapoulizwa, kwa hiyo ingiza ukurasa kwenye mfuko wa plastiki angavu, aandike juu yake kwa kalamu ya ubao mweupe, kisha mnafuta. Futeni siku hiyo hiyo, kwa sababu wino ule ukikaa wiki kadhaa hung'ang'ania. Au tunza nakala mama: karatasi moja safi ya kila zoezi ambayo haiandikwi kamwe, yenye alama pembeni, na kopi hutolewa kwayo. Lakini soma kwanza ukurasa wa hakimiliki ulioko mwanzoni mwa kitabu. Wachapishaji wengine huruhusu familia kutoa kopi kwa watoto wake wenyewe, wengine hawaruhusu kabisa, na ukitaka kitabu kitumike tena ni vyema ulijue hilo kabla ya kununua.

Kuhusu boksi lililoliwa pembeni. Karatasi ina maadui wachache na wote wanajulikana: unyevu, wadudu, jua, na vitu vyetu wenyewe vya kufungia. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu ukungu huota, na wadudu wengi wa karatasi hupenda unyevu huo huo. Kwa hiyo maboksi yatoke sakafuni yapande kwenye rafu au juu ya mbao, na yaache nafasi ya kiganja kati yao na ukuta ili hewa ipite na mchwa asipate njia ya kificho. Darini hapafai kwa sababu ya joto, na karibu na jiko au bafu hapafai kwa sababu ya mvuke. Sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana ni zuri, ila usifunge karatasi zikiwa na unyevunyevu, maana utakuwa umeufungia ndani. Kila kitu kilichotoka kwenye boksi lililoliwa kikung'utwe nje, karatasi moja moja, kabla hakijakaa karibu na vingine. Boksi lenyewe litupe.

Toa mipira ya kufungia, kwa sababu huoza na kugandia kwenye karatasi. Toa klipu za chuma na pini za stepla kwenye chochote unachotaka kidumu, huleta kutu. Selotepu hubadilika rangi na gundi yake hupenya. Mifuko ya plastiki angavu chagua ile iliyoandikwa polipropilini au PP. Ile ya PVC baada ya miaka huweza kuubandua wino wa kopi kutoka kwenye karatasi na kuubakiza kwenye plastiki. Laminesheni ni nzuri kwa kadi zinazoshikwa kila siku, hasa ukiwa na mchanaji wa miaka 3 nyumbani, lakini nakala mama na kazi za mkono wa mtoto usizipeleke huko, kwa kuwa haziwezi kutolewa tena salama.

Angalia na uzito. Rimu moja ya A4, karatasi 500 za gramu 80, ina kilo 2.5. Boksi la kuingia rimu kumi lina kilo 25, na boksi la uzito huo hutalifungua, utalikwepa. Maboksi madogo unayoweza kuyashusha kwa mkono mmoja ndiyo yanayotumika.

Kuskani nakushauri uskani nakala mama tu pamoja na zile karatasi zako za maelezo, basi. Ukitaka kuskani kila kitu utachoka katikati na kuacha yote. Tumia ubora wa dpi 300, hifadhi kwa PDF, na jina la faili lianze na somo, kisha mada, kisha namba: hisabati-sehemu-03. Majina yafanane na yaliyoandikwa kwenye bahasha. Weka nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja isiwe ndani ya nyumba yenu. Flashi isiwe ndiyo hifadhi yako pekee, kwani hupotea, huharibika, na ikikaa miaka bila kuguswa inaweza kupoteza ilichobeba.

Kutupa je? Kila unachokishika jiulize kama ukikitaka mwakani utaweza kukipata tena kwa dakika chache. Karatasi ya kujumlisha yenye maswali ishirini unaweza kuiandika kwa mkono huku chai inachemka, itupe. Mchezo uliouchora jioni nzima na mtoto akaupenda, utunze. Kilichomshinda mtoto na wewe pia kikakuchosha, kisirudi rafuni kwa sababu tu kilinunuliwa. Na ramani na chati zitazame kwa jicho kali. Chati inayoitaja Pluto kuwa sayari ya tisa imepitwa tangu 2006, na ramani isiyo na Sudan Kusini imepitwa tangu 2011. Hizo unaweza kuzihifadhi kwa somo zuri la jinsi elimu na mipaka inavyobadilika, lakini uliandike hilo juu ya bahasha.

Usiyamwage maboksi yote sebuleni wikendi moja. Watoto watayavuruga, mume wako atathibitisha alichokisema, na wewe utakata tamaa. Chukua mada ambazo huyu wa pili anazihitaji mwezi huu peke yake, silabi na hesabu za mwanzo, zitafute kwenye maboksi, zijengee bahasha zake, mfundishe. Mwezi ujao mada zinazofuata. Hivyo kila bahasha inajengwa ikiwa na kazi ya kufanya, na utaijaribu papo hapo ukaona kinachopungua. Mwambie mume wako hivi: boksi lolote ambalo mpaka huyu wa pili anafika alipo kaka yake leo halijatoa hata bahasha moja, mimi mwenyewe nitalitupa. Mume anayeona maboksi yanapungua huwa mvumilivu. Na umpe kazi ya rafu, aipige juu, mdogo asiifikie.

Ukifungua bahasha kwa mtoto mwingine, kumbuka humfundishi kaka yake. Soma maelezo yako, kisha mtazame huyu aliye mbele yako. Kama mkubwa alihitaji wiki tatu kwenye silabi za M na huyu anazijua kwa siku mbili, funga bahasha, songa mbele, na uongeze mstari kwenye karatasi ile ile kwa kalamu ya rangi nyingine. Mdogo atakapofika atakuta sauti za wawili waliomtangulia, nawe utakuwa na picha pana zaidi ya mada hiyo.

Wifi yako usimnyime, lakini usimpe maboksi. Ukimpa maboksi unampa tatizo lako, na ndani yake unampa vitu ambavyo kesho utavihitaji. Mwite aje mkae siku moja mjenge bahasha pamoja: wewe unajua masomo, yeye ana mikono miwili ya kukata kadi. Mada moja mkikata seti mbili hamwongezi kazi kubwa, na mtaondoka kila mmoja na yake. Nakala mama zibaki kwako. Akiazima bahasha nzima, iandike kwenye daftari: mada gani, vipande vingapi, imeondoka lini. Ikirudi, muihesabu wote wawili mezani kabla haijapanda rafuni, na umuombe aongeze mistari yake kwenye karatasi ya maelezo, maana wanawe nao watakuwa wamekufundisha kitu.

Shangazi